Likasi: Ndege iliyopiga mji mwaka wa 1961 leo inauzwa ndani ya karto, vipande vipande

Ikiisha kujengwa, inatoshea juu ya kiganja: urefu wa sentimita 14, mabawa membamba, mkia wenye umbo la herufi V. Ni Fouga Magister, ndege ndogo iliyotengenezwa Ufaransa kwa kufundishia marubani. Huko Ulaya inauzwa kama maketi ya plastiki, kwa watu wanaopenda kukaa mezani siku ya mapumziko na kuunganisha vipande kwa kole. Lakini kwa mkaaji wa Likasi, zaidi sana mzee aliyekuwa mtoto wakati mji huu ulipoitwa Jadotville, hicho si kitu cha mchezo tu. Mwezi wa tisa mwaka wa 1961, ndege ya aina hiyo ilizunguka juu ya mji, ikipiga risasi na kutupa mabomu.

Kuna ndege zingine pia zinazouzwa hivyo, na hadithi zake zinapita hapa Haut-Katanga. Wanaozijenga ni watu wa Uingereza, Ufaransa, Suède, Japani na Marekani. Wengi wao wanajua namba ya ndege, rangi ya tumbo lake na jina la kikosi. Mji uliokuwa chini ya ndege hiyo wanaujua kidogo sana. Kwa kijana wa Kikula, Panda ama Shituru anayependa kazi ya mikono, maketi inaweza kuwa mlango wa kuingia katika historia ya kwao. Lakini lazima ajue kuchagua, na ajue kujenga bila kupoteza pesa.

Siku tano za Jadotville

Tarehe 13 mwezi wa tisa 1961, askari wa Ireland wapatao 155 waliokuwa chini ya bendera ya ONU walishambuliwa hapa na jeshi la Katanga pamoja na mamluki wazungu. Mkuu wao aliitwa Pat Quinlan. Katanga ilikuwa imejitenga na Congo tangu mwezi wa saba 1960, chini ya uongozi wa Moïse Tshombe, na ONU ilikuwa imeanza kutumia nguvu kuwaondoa mamluki.

Waayalandi walichimba mahandaki, wakapigana siku tano. Kikosi kilichotumwa kuwaokoa kilizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Helikopta moja ya ONU, iliyoendeshwa na rubani wa Norvège na mwenzake wa Suède, ilifaulu kutua katikati ya risasi ikiwa na maji. Kwa bahati mbaya, madumu hayo yalikuwa yamebeba mafuta mbele ya kujazwa maji, na askari hawakuweza kuyanywa.

Juu ya hayo yote kulikuwa na Fouga. Katanga ilikuwa imeletewa Fouga tatu mwanzoni mwa mwaka 1961. Moja ilianguka, nyingine ilikamatwa na ONU kwenye uwanja wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Ikabaki moja tu, iliyokuwa ikiruka kutoka upande wa Kolwezi. Ndege ya kufundishia, yenye bunduki mbili puani na mabomu madogo chini ya mabawa, ikawa mfalme wa anga la Katanga, kwa sababu siku hizo ONU haikuwa na ndege hata moja ya kivita ya kuifukuza.

Tarehe 17, wakiwa wamebaki bila maji na bila risasi, Waayalandi walijitoa mikononi mwa Katanga. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa katika mapigano. Upande wa Katanga, hesabu zinazotajwa zinatofautiana sana, na zingine zinafika watu 300. Mwaka 2016 filamu ilitolewa juu ya vita hivyo, ikaonwa dunia nzima. Ilipigwa Afrika Kusini. Likasi yenyewe haionekani ndani yake.

Kuchagua: ndege nne zinazogusa mji

Mtu anayetaka kuanza asichukue karto kwa sababu ya picha nzuri iliyo juu yake. Picha inachorwa ili iuze. Jambo la kwanza ni kujiuliza: ninataka kusimulia hadithi gani? Kwa mkaaji wa Likasi, majibu manne yako karibu.

Ya kwanza ni Fouga Magister. Kampuni ya Ufaransa Heller na ile ya Uingereza Airfix zote zimewahi kuitengeneza katika kipimo cha 1/72. Kampuni AMK imeitoa katika 1/48, kubwa zaidi na yenye vipande vidogo vingi. Kwa mtu anayeanza, maketi ya zamani ya 1/72 ina faida ya kuwa na vipande vichache. Shida iko kwenye alama. Mara nyingi karto inaleta alama za Ufaransa, Ubelgiji, ama inchi nyingine iliyotumia ndege hiyo. Mbele ya kulipa, tazama nyuma ya karto uone alama gani ziko ndani. Kama za Katanga haziko, itabidi kuzichora kwa mkono: nyekundu, nyeupe, ukanda wa kijani unaopita kwa mshazari, na zile croisette tatu za shaba ambazo kila mtoto wa Katanga anazijua. Jambo la kuchekesha ni kwamba Ireland yenyewe, ambayo askari wake walipigwa na Fouga, ilinunua ndege za aina hiyo miaka ya 1970 na kuzitumia hadi mwisho wa miaka ya 1990.

Ya pili ni Saab J 29 ya Suède, inayoitwa Tunnan, maana yake pipa. Na kweli inafanana na pipa lenye mabawa. Baada ya Jadotville ONU ilielewa kwamba haiwezi kuishi bila ndege za kivita. Mwezi wa kumi 1961 Suède ikaleta Tunnan, Ethiopia ikaleta F-86 Sabre, India ikaleta Canberra. Mwishoni mwa mwezi wa 12 mwaka 1962, Tunnan zilipiga ndege za Katanga zikiwa chini kwenye uwanja wa Kolwezi. Siku chache baadaye, tarehe 3 mwezi wa kwanza 1963, askari wa India waliingia Jadotville baada ya kuvuka Lufira. Kabla ya mwezi huo kwisha, kujitenga kwa Katanga kukawa kumekwisha. Heller imetengeneza Tunnan ya 1/72. Mwili wake ni mnene na rahisi kushika, kwa hiyo ni ndege nzuri ya kujifunzia.

Ya tatu ni DC-6B, ndege ya abiria yenye injini nne za panga. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa tisa 1961, siku ileile ambayo Waayalandi walijitoa Jadotville, DC-6B ya Suède iliyombeba Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Alikuwa anaenda kukutana na Tshombe ili kuzungumza juu ya kusimamisha vita. Watu 16 waliokuwa ndani walipoteza maisha, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini. Mpaka leo ONU haijafunga faili la kutafuta chanzo cha ajali hiyo. Maketi ya DC-6 iko katika 1/144 kutoka Minicraft, na katika 1/72 kutoka Heller. Hiyo ya mwisho ni kubwa sana: mabawa yake yanafika nusu mita.

Ya ine ni B-29, na hapa wengi wanashangaa. Ndege hiyo ya Marekani haikupiga Likasi hata siku moja. Lakini B-29 inayojengwa kuliko zote na wapenda maketi ni ile inayoitwa Enola Gay, iliyotupa bomu ya atomu juu ya Hiroshima tarehe 6 mwezi wa munane 1945. Sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi huo ilitoka Shinkolobwe, kilometa kama 20 kutoka Likasi. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York. Karatasi ya maelezo inayokuja na maketi inaonyesha mahali pa kubandika kila alama. Jina la Shinkolobwe mjenzi wa kwetu atalazimika kuliandika yeye mwenyewe.

Piga hesabu mbele ya kutoa pesa

Namba 1/72 inatisha watu bure. Maana yake ni kwamba ndege ya kweli imepunguzwa mara 72. Sentimita moja ya plastiki ni sentimita 72 za ndege ya kweli. Fouga ya kweli ina urefu wa mita 10 na kidogo. Gawanya kwa 72, unapata sentimita 14. Gawanya kwa 48, unapata 21. B-29 ina mabawa ya mita 43: katika 1/72 ni sentimita 60, katika 1/144 ni 30.

Hesabu hiyo inasaidia kujibu swali ambalo wanaoanza wanalisahau: nitaiweka wapi? Nyumba nyingi za Likasi hazina kabati ya vioo. Ndege ya sentimita 60 juu ya meza ya kulia chakula haitamaliza wiki moja kama kuna watoto.

Ukichagua kipimo kimoja na kukishika, ndege zako zitaweza kulinganishwa. Fouga na Tunnan zote mbili katika 1/72 zina karibu urefu uleule. Ukiziweka pamoja, mtu anaona kwa macho kwamba ile iliyotawala anga siku tano haikuwa kubwa kuliko ile iliyokuja baadaye. Tofauti ilikuwa katika injini, silaha na mwendo.

Kuhusu kununua, bei ya karto si bei yote. Njia ya kawaida ya kitu kama hicho kufika Haut-Katanga ni ndugu anayerudi kutoka Ulaya, ama mfanyabiashara anayetoka Afrika Kusini na kupita Kasumbalesa. Usafiri unaweza kupita bei ya ndege yenyewe. Karto ndogo ya 1/72 inaingia ndani ya valisi bila shida, lakini DC-6B ya nusu mita itachukua nafasi ya viatu na nguo. Pia kole na rangi za mafuta hazikubaliwi ndani ya ndege kwa urahisi kwa sababu zinashika moto. Afadhali kuomba rangi za maji, na kumwambia ndugu mapema.

Kujenga: haraka haina baraka

Ndani ya karto vipande havijatengana. Vinashikamana kwenye fremu ya plastiki, kama matunda kwenye tawi, na kila kimoja kina namba. Kosa la kwanza la mtu mwenye haraka ni kuvivunja kwa vidole. Kipande kinapasuka, ama kinabaki na kovu. Tumia makasi madogo ya kucha, kata mbali kidogo, kiisha malizia kwa wembe na msasa laini.

Mbele ya hapo, osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukauke kivulini. Kiwandani plastiki hiyo inatoka kwenye kalibu yenye mafuta, na mafuta yakibaki rangi haitashika.

Soma karatasi yote mara moja bila kugusa kole. Unganisha kila sehemu ikiwa kavu kwanza, ushikilie kwa skochi ama vibanio vya nguo, uone kama inakaa. Maketi za zamani zina nafasi kati ya vipande. Nafasi hizo zinajazwa kwa mastiki kidogo na kusuguliwa, kama fundi wa magari anavyofanya kwenye mlango uliogongwa.

Kwa Fouga kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mkia. Mabawa yake mawili ya nyuma yanasimama kwa mshazari, na yakipishana hata kidogo ndege nzima inaonekana kilema. Kata karatasi ngumu kwa pembe iliyo kwenye mchoro, itumie kama kipimo mpaka kole ikauke. Mtego wa pili ni uzito. Ndege yenye gurudumu la mbele inaweza kukalia mkia kama mbele hakuna kitu kizito. Weka ndani ya pua vipande vya chuma, ama mawe madogo yaliyoshikwa kwa kole, mbele ya kufunga nusu mbili za mwili. Ukifunga kwanza ndipo ukumbuke, umechelewa.

Rangi inapakwa nyembamba, mara mbili ama tatu, ukingoja ikauke kila mara. Likasi ina adui wawili kwa kazi hii. Wakati wa kiangazi ni vumbi, ambalo linaingia hata kwenye dirisha lililofungwa. Funika ndege kwa bakuli kubwa safi wakati inakauka. Wakati wa mvua ni unyevu, ambao unachelewesha rangi. Hapo subira ni usiku mzima, hata siku mbili.

Alama zinakuja kwenye karatasi maalumu. Unakata moja, unaitumbukiza ndani ya maji nusu dakika hivi, unaiweka juu ya ndege na kuisukuma polepole kwa pinso yenye maji mpaka ikae mahali pake. Zinashika vizuri juu ya rangi inayong’aa. Juu ya rangi isiyo laini zinaacha hewa chini yake, na hewa hiyo inaonekana kama ukungu mweupe.

Kole, hewa na babula

Hapa wazazi wasikilize vizuri. Kole ya plastiki haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja. Ndiyo maana tone moja linatosha, na tone lililoanguka juu ya kioo cha rubani haliondoki tena. Mvuke wake unaumiza kichwa, na unashika moto haraka.

Kwa hiyo kole ya aina hiyo isifunguliwe karibu na babula yenye makala, wala karibu na mshumaa umeme ukikatika. Fungua dirisha, fanya kazi mchana, funga chupa kila mara. Mtoto wa chini ya miaka kumi afanye kazi pamoja na mtu mkubwa, na wembe ubaki mkononi mwa mkubwa. Chumba cha kulala si karakana.

Waya na karto, shule ya zamani

Mtu atauliza: je, hii si starehe ya watu wenye pesa? Swali ni la haki. Lakini Katanga haikungoja plastiki ya Ulaya ili kujua maketi. Vizazi na vizazi vya watoto wa miji ya migodi wametengeneza magari, malori na ndege kwa waya, mikebe ya maziwa na soli za sandali za zamani. Gari la waya lenye usukani mrefu, linaloendeshwa na mtoto anayetembea nyuma yake, lina mfumo wa kugeuza magurudumu unaofanya kazi kweli. Mtoto huyo ameelewa mitambo kuliko yule aliyepewa gari la betri.

Huko Lubumbashi, msanii Jean Katambayi, aliyesomea umeme, amejulikana nje ya inchi kwa mashine anazojenga kwa karto na waya. Mashine hizo zimeonyeshwa Ulaya. Hakungoja mtu amletee fremu zenye namba.

Mambo haya mawili yanaweza kusaidiana. Anayekosa karto ya Heller anaweza kuchukua mchoro wa Fouga unaoonyesha ndege kutoka juu, ubavuni na mbele, akagawanya vipimo kwa 72 ama kwa 24, akakata karatasi ngumu na mikebe. Mwalimu wa hesabu anaweza kufanya somo zima la mgawanyo na pembe kwa ndege moja tu. Na anayepata karto ya plastiki anaweza kumalizia kwa waya na mkebe vile ambavyo kampuni haikuweka: madumu ya maji ya helikopta, mahandaki, daraja la Lufira.

Kibao chini ya ndege

Wajenzi wa maketi wana desturi ya kuweka kibao kidogo chini ya kazi yao: jina la ndege, kikosi, mwaka. Kule ng’ambo, kibao cha Fouga hii kitaandikwa Katanga 1961. Cha B-29 kitaandikwa Enola Gay 1945. Si uongo, lakini ni nusu ya habari.

Jadotville ilibadilishwa jina kuwa Likasi mwaka 1966. Waliokuwa na miaka kumi wakati Fouga ilipopita juu ya paa wamepita miaka 70 sasa. Bado wako wanaoweza kueleza sauti yake ilikuwa namna gani, mama walikimbizia watoto wapi, nani hakurudi nyumbani jioni ile. Mambo hayo hayamo ndani ya karto yoyote, hata ile ya bei kubwa. Kijana anayengoja rangi ikauke ana saa nyingi za bure: anaweza kubeba ndege yake ya sentimita 14 mpaka kwa babu yake, aiweke mbele yake juu ya meza, na kuuliza. Atakachosikia ndicho cha kuandika kwenye kibao.